Gari la Formula 1 la 2022–2025: ahadi ya kufuatana kwa karibu, na kilichobaki baada ya misimu minne

Bidhaa tunayoipima hapa haiuzwi dukani, lakini umeilipia: kwa tiketi, kwa king'amuzi cha DStv, au kwa Jumapili nzima mbele ya runinga. Ni gari la Formula 1 lililojengwa kwa kanuni zilizoanza 2022 na kufikia kikomo mwisho wa 2025. Lilikuwa liingie 2021, korona ikalichelewesha mwaka mmoja. Magari ya vizazi vilivyotangulia yalisifiwa kwa kasi au kwa sura. Hili liliuzwa kwa ahadi inayopimika: dereva wa nyuma ataweza kumganda wa mbele kwenye kona bila gari lake kupoteza mshiko.

Ahadi ilikuja na namba. Formula 1 wenyewe walitangaza kwamba gari la kizazi cha zamani, likiwa mita 20 nyuma ya jingine, lilipoteza asilimia 35 ya mgandamizo, yaani ile nguvu ya hewa inayolikandamiza gari chini ili matairi yashike lami. Likiwa mita 10, hasara ilifika asilimia 46. Gari jipya lingepoteza asilimia 4 kwa mita 20, na 18 kwa mita 10.

Hukumu, kwa wasio na muda wa kusoma yote: mwaka wa kwanza gari lilifanya sehemu kubwa ya lililoahidiwa, hasa kwenye kona za kasi. Mwaka wa nne ahadi ilikuwa imemomonyoka kiasi kwamba mbio nzima ingeweza kuisha kwa mpangilio uleule wa Jumamosi, siku ya kugombea nafasi za kuanzia. Gari lenyewe halikuchakaa. Timu zilijifunza kulivuruga, na kanuni ziliacha wazi sehemu ambazo ndizo zilipaswa kufungwa kwanza.

Ugonjwa uliokuwa ukitibiwa

Gari la mbio likikata hewa kwa kilomita 250 kwa saa huacha nyuma yake mkondo wenye kasoro tatu kwa pamoja. Kwanza, hewa hiyo imeburutwa, kwa hiyo inasafiri kidogo na gari badala ya kutulia. Anayefuata anaipokea ikiwa na kasi ndogo. Pili, imejaa visulisuli vinavyotoka kwenye ncha za mabawa, kingo za sakafu na, vibaya kuliko vyote, kwenye matairi yanayozunguka bila kifuniko. Tatu, imerushwa juu na difyuza, ile sehemu ya nyuma ya sakafu inayopanda, pamoja na bawa la nyuma. Nahodha wa ngalawa anaijua kasoro ya kwanza bila kufundishwa: ukikaa demani ya jahazi kubwa, tanga la mwenzako linakukinga upepo na lako linalegea.

Nguvu ya hewa hufuata mraba wa kasi. Hewa inayolifikia gari ikipungua kasi kwa asilimia 10, bawa halipotezi 10 bali 19, maana 0.9 mara 0.9 ni 0.81. Ukinzani wa hewa nao hupungua kwa 19 hiyohiyo, na hapo ndipo utata wote wa mbio za magari ulipo: kile kinachompa anayefuata nafuu kwenye mnyoofu, yaani sehemu ya barabara iliyonyooka, ndicho kinachomuumiza kwenye kona iliyotangulia mnyoofu huo.

Hasara hiyo haigawanyiki sawa. Bawa la mbele hufanya kazi kwa kuipinda hewa kwenda juu. Ikiwa hewa inalifikia tayari inapanda, kwa sababu gari la mbele limeirusha, bawa linakuta kazi imeshafanywa nusu na linabaki na kidogo cha kupinda. Kwa hiyo pua ndiyo inayolegea kwanza. Dereva anakata usukani, gari linaendelea kwenda lilikokuwa linakwenda, anaongeza usukani, tairi la mbele linasugua lami badala ya kuviringika juu yake.

Chukua kona ya kasi ambapo hewa inaligandamiza gari kwa nguvu sawa na mara mbili ya uzito wake. Matairi yanabeba jumla ya uzito mara tatu. Ondoa asilimia 46 ya nguvu ya hewa: yanabaki yamebebeshwa mara 2.08, yaani karibu theluthi ya mshiko imetoweka. Ondoa asilimia 18 tu: yanabaki na 2.64, hasara ya asilimia 12. Sasa chukua kona ya polepole ambapo hewa inaongeza nusu tu ya uzito. Hata ukipoteza 46 zote, mshiko unapungua kwa asilimia 15 hivi. Hii ndiyo sababu malalamiko ya madereva siku zote ni juu ya kona za kasi, na ndiyo sababu gari hili linapaswa kupimwa huko, si kwenye kona za digrii 180.

Madhara hayaishii kwenye kona moja. Tairi linaloteleza huchemka kwenye ngozi yake ya juu. Likishachemka, mshiko unashuka, linateleza zaidi, linachemka zaidi. Dereva anaweza kustahimili hivyo mizunguko michache, kisha mhandisi wake anamwambia arudi nyuma apumzishe matairi. Radieta na breki nazo zinanyimwa hewa baridi. Diski za kaboni zinaweza kufika nyuzi 1,000, na zikikosa upepo zinalika haraka. Ndiyo maana kwenye mnyoofu utamwona anayefuata akitoka kidogo pembeni ya mkia wa mwenzake hata pale asipokuwa na nia ya kuovateki. Anatafuta hewa.

Walibadilisha nini hasa

Kikosi cha Formula 1 chini ya Ross Brawn, akiwemo Pat Symonds, kilifanya kazi pamoja na FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, na walifanya jambo ambalo timu hazina sababu ya kulifanya: kuweka magari mawili, moja nyuma ya jingine, ndani ya hesabu za kompyuta. Timu hupima gari lake peke yake kwenye hewa safi, kwa sababu pointi haziongezwi kwa kumhurumia anayekufuata.

Badiliko kubwa liko chini. Sakafu bapa ya 2021 iliondolewa, ikaja sakafu yenye mifereji miwili mipana inayobana hewa katikati na kuiachia inapopanda nyuma. Hewa ikibanwa inakimbia, shinikizo linashuka, gari linavutwa chini. Mbinu hii si ngeni: ilitumika mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi 1982, kisha kanuni za 1983 zikaamuru sakafu bapa. Faida yake kwa anayefuata ni kwamba sehemu kubwa zaidi ya mgandamizo inatoka chini ya gari, mahali ambapo hewa chakavu haidhuru kama inavyodhuru bawa.

La pili ni matairi ya mbele. Kwa miaka mingi kila timu ilitumia bawa la mbele, vile vibao vya ubavuni vyenye matawi kama mwiba wa samaki, na hata hewa iliyopitishwa katikati ya rimu, kwa lengo moja: kuisukuma nje hewa chakavu ya tairi la mbele ili isiingie chini ya sakafu. Gari lako linapata hewa safi. Anayekufuata anapata ukuta mpana wa hewa mbovu, mpana kuliko gari lake. Kanuni za 2022 zilivifuta vibao vya ubavuni, zikafunika rimu, zikaweka kipande kilichopinda juu ya kila tairi la mbele, na zikabana bawa la mbele lisizidi vipande vinne, vikiungana na pua moja kwa moja. Muungano huo uliua kisulisuli mashuhuri kilichokuwa kinazaliwa kwa makusudi sentimita 25 kutoka mstari wa katikati wa gari.

La tatu ni nyuma. Bawa la nyuma lilipoteza pembe zake: badala ya vibao viwili vilivyosimama wima, kuna mkunjo wa mviringo unaoteremka. Pembe kali ndiyo inayozaa kisulisuli chenye nguvu. Ukiikunja, kisulisuli kinadhoofika. Chini yake likarudishwa bawa dogo linaloshirikiana na difyuza. Vikiwa pamoja vinaivuta hewa chakavu ya matairi kuelekea katikati, vinaikusanya na kuirusha juu, ipite juu ya kichwa cha anayefuata. Ndiyo fikra nzima ya bidhaa hii: uchafu uende ndani na juu, usiende nje na chini.

Pirelli nao walileta tairi la inchi 18 badala ya 13, lililotengenezwa kustahimili joto la juu bila kuchemka upesi. Wengi wanalisahau, lakini bila tairi hilo nusu ya faida ya sakafu isingeonekana. Kama tairi linakufa baada ya mizunguko miwili ya kumganda mtu, haisaidii kitu kwamba sakafu inaruhusu kufuatana.

Mwaka wa kwanza

Bahrain, mbio za kwanza za 2022. Kuanzia mzunguko wa 17, Max Verstappen alimvamia Charles Leclerc kwenye kona ya kwanza mizunguko mitatu mfululizo, na Leclerc alijibu kila mara. Kulikuwa na DRS, kifaa kinachofungua bawa la nyuma la anayefuata ili aongeze kasi kwenye mnyoofu, na Leclerc aliitumia kwa akili. Lakini cha kutazama si nani alifungua bawa. Ni kwamba aliyepitwa alibaki mita chache nyuma kupitia kona mbili, tatu, na bado alikuwa na gari linalogeuka. Kwa gari la 2021, aliyepitwa alitupwa nje ya pambano na kona inayofuata.

Silverstone mwaka huohuo ilikuwa kipimo bora zaidi, kwa kuwa ni uwanja wa kona za kasi. Mizunguko ya mwisho Hamilton, Pérez na Leclerc walikabana koo hadi ndani ya Copse, moja ya kona za kasi zaidi za uwanja huo. Hapo bidhaa ilifanya kazi iliyotangazwa, na hakuna sababu ya kuinyima alama.

Jeddah ilionyesha upande wa kuchekesha. Verstappen na Leclerc walifunga breki mapema kabla ya kona ya mwisho, kila mmoja akimwomba mwenzake atangulie, kwa sababu mstari wa kupimia DRS ulikuwa pale. Gari limeshajengwa lifuatane, lakini mbio inaamuliwa na nani yuko nyuma kwenye mstari uliochorwa barabarani.

Mnyoofu: bei ambayo haikuandikwa kwenye lebo

Hewa ikitengenezwa iwe safi zaidi kwa anayefuata, maana yake inamfikia ikiwa na kasi kubwa zaidi. Kasi kubwa zaidi inamaanisha ukinzani mkubwa zaidi. Kwa kusafisha mkondo wa nyuma, waliobuni gari hili walipunguza pia kivuli cha upepo, ile nafuu ya kuvutwa kwenye mnyoofu. Anayefuata anatoka kwenye kona akiwa karibu zaidi kuliko zamani, kisha anakuta kwamba mvuto wenyewe umepungua.

Hakuna fundi anayeweza kukupa vyote viwili bila kikomo. Hii haikuelezwa kwa sauti kubwa wakati gari linazinduliwa, na ndiyo sababu DRS, iliyoingia 2011 kama dawa ya muda, ilibaki hadi siku ya mwisho ya kizazi hiki. Kifaa ni rahisi: ukiwa ndani ya sekunde moja ya aliye mbele kwenye mstari wa kupimia, unaruhusiwa kufungua kipande cha juu cha bawa la nyuma, nafasi ikifika milimita 85, na ukinzani unashuka ghafla. Mwaka 2023 maeneo ya DRS yalifupishwa kwenye baadhi ya viwanja, Baku ikiwemo, na mbio za Baku zikawa za kuchosha. Kama gari lingekuwa linaovateki kwa miguu yake lenyewe, kupunguza mita mia moja kusingemaliza burudani.

Namna ya kupima mwenyewe kwenye runinga

Kosa la kawaida ni kusoma pengo kwa sekunde na kudhani linamaanisha umbali uleule kila mahali. Kwa kilomita 300 kwa saa, sekunde moja ni mita 83. Kwa kilomita 250, ni mita 69. Kwa kilomita 100, kwenye kona kali, ni mita 28 tu. Magari mawili yaliyotenganishwa na nusu sekunde yanaonekana yamegusana kwenye kona ya polepole, kisha yanaachana hadi mita 42 kwenye mnyoofu, na hakuna aliyepata wala aliyepoteza kitu. Watangazaji wengine hupiga kelele "anamkaribia!" kila kona kali inapofika. Puuza.

Sasa rudi kwenye namba za tangazo. Mita 20 kwa kilomita 250 ni sawa na sekunde 0.29. Mita 10 ni 0.14. Karibu hakuna anayekaa sekunde 0.14 nyuma ya mtu ndani ya kona ya kasi, isipokuwa pale anapojirusha kuovateki. Muda mwingi wa mbio dereva anaishi kati ya sekunde 0.8 na 1.5, mita 55 hadi 105 kwa kasi hiyo, na kwa umbali huo tangazo halikutoa namba yoyote. Hasara ya huko ni ndogo kwa kila kona, lakini inalipwa kona baada ya kona, mzunguko baada ya mzunguko, kwa joto la matairi. Namba zilizotangazwa zilikuwa za kweli kwa gari walilolichora wao, ila zilipima mahali ambapo mbio haikai.

Kwa hiyo, ukitaka kujua kama gari linafuatana, fanya hivi. Chagua kona ya kasi inayofuatwa na mnyoofu. Andika pengo kwenye mlango wa kona hiyo na pengo mwanzoni mwa mnyoofu, kwa mizunguko mitano mfululizo. Likibaki vilevile, hewa haimuumizi. Likiongezeka kidogo kidogo, kwa mfano kutoka 0.8 hadi 1.1 ndani ya mizunguko minne, unaangalia matairi yakichemka. Likiruka ghafla kwenye kona moja, pua imeteleza au dereva ameachia mafuta kwa makusudi. Tazama pia kamera ya juu ya kofia: mikono inayokata usukani zaidi ya kawaida katikati ya kona inaeleza yote kabla ya saa haijaeleza.

Jinsi ahadi ilivyomomonyoka

Hapa ndipo bidhaa ilipoangukia. Waliochora kanuni walitaka hewa ya tairi la mbele iingie ndani. Kila timu, kwa hesabu zake, iligundua tena kile ambacho ilikuwa inakijua: ukiisukuma hewa hiyo nje, sakafu inapumua vizuri na mzunguko unapungua muda. Kwa hiyo kazi ya misimu minne ilikuwa kutafuta mianya ya kurudisha msukumo wa nje, milimita kwa milimita.

Mifano ya wazi ni miwili. Hungary 2022, Aston Martin walileta bawa la nyuma lenye ncha zilizopindwa kwa namna ya kurudisha kile kibao cha wima kilichofutwa. Lilikuwa halali kwa herufi za kanuni na kinyume na nia yake, na FIA wakaufunga mwanya huo kwa 2023. Hapo walifanya sawa. Lakini Austin mwaka huohuo, Mercedes walionyesha bawa la mbele lenye vipande vidogo vya kutenganisha tabaka za bawa, vilivyoinamishwa kiasi cha kuelekeza hewa nje. FIA walisita, Mercedes hawakulitumia kwenye mbio. Mwaka uliofuata maneno ya kanuni yakalegezwa, na vipande vya aina hiyo vikaonekana kwenye gari la Ferrari tangu uzinduzi. Mwanya mmoja ulizibwa nyuma, mwingine ukafunguliwa mbele, na wa mbele ndio wenye madhara makubwa.

Ukitazama bawa la mbele la gari la 2025 karibu na la gari la maonyesho la 2021, ncha zake zinasimulia. Pale ambapo tabaka za bawa zilipaswa kujikunja taratibu na kuungana na kibao cha pembeni, sasa zinakatwa, zinapinda, zinaachwa na nafasi, ili hewa itoroke pembeni ya tairi. Vipande vilivyo ndani ya tairi la mbele, karibu na mifereji ya breki, vilifanyiwa kazi ileile, na kingo za sakafu zikachorwa ziwe na mawimbi yanayotupa hewa nje. FIA wenyewe hawakukataa kwamba sehemu hizi zilikuwa mianya na kwamba kufuatana kulikuwa kumerudi kuwa kugumu.

Na hili halikuwa jipya. Mwaka 2009 kanuni zilibadilishwa kwa lengo lilelile, zikiwa na bawa pana mbele na jembamba lililoinuliwa juu nyuma. Difyuza ya tabaka mbili ya timu za Brawn, Toyota na Williams ikavuruga mpango kabla ya mbio ya kwanza. Mwaka 2019 mabawa ya mbele yalirahisishwa, na faida ikamezwa upesi na maendeleo ya timu. Anayeandika kanuni za namna hii bila kujiachia haki ya kuzibana katikati ya msimu anauza mbuzi kwenye gunia.

Suzuka, Aprili 2025, ni kielelezo. Uwanja wa kona za kasi, magari matatu ya kwanza yakiwa na mwendo unaokaribiana, Verstappen mbele, Norris na Piastri nyuma yake kwa karibu mbio nzima. Sita wa kwanza walimaliza kwa mpangilio uleule waliotokea kwenye safu ya kuanzia. Imola 2024 ilikuwa dalili ya mapema: Norris alimfukuzia Verstappen mwishoni akiwa na matairi yenye hali bora, akafika mstari wa mwisho nyuma kwa sekunde 0.725. Kumfikia ilikuwa kazi ya mizunguko kumi na kitu. Kukaa ndani ya sekunde ile ya mwisho ilikuwa kazi nyingine kabisa.

Kasoro nyingine, kwa haraka

Kudundadunda. Sakafu yenye mifereji ikikaribia sana lami, hewa inakatika, gari linainuka, hewa inarudi, gari linavutwa tena, mara kadhaa kwa sekunde. Mwaka 2022 migongo ya madereva ililia. Kwa 2023 kingo za sakafu zikainuliwa milimita 15, na tatizo likapungua, ila timu zilizoendelea kutaka kukimbia chini kabisa ziliendelea kuteseka.

Ukubwa. Kilo 798 mwaka 2022, dhidi ya 752 mwaka mmoja kabla; upana wa mita 2. Monaco hakuna hewa safi itakayosaidia, kwa kuwa barabara haina nafasi ya magari mawili ya ukubwa huo. Walipolazimisha vituo viwili vya kubadilisha matairi huko mwaka 2025, timu ziliugeuza kuwa mchezo wa kumchelewesha mtu ili mwenzako apate nafasi. Hilo si kosa la hewa, na tusilihesabu dhidi ya sakafu.

Linafaa wapi, halifai wapi

Bahrain, Austin, Interlagos: gari hili liliendelea kutoa mbio nzuri hadi mwisho. Viwanja hivyo vina kona za polepole baada ya mnyoofu mrefu, lami au mpangilio unaotofautisha hali za matairi, na zaidi ya njia moja ya kuingia kona. Suzuka na Imola: ukikosa nafasi Jumamosi, Jumapili inakuwa ndefu. Silverstone ilikuwa ya kundi la kwanza mwaka 2022, kisha ikategemea mvua.

Jambo moja la kulipongeza gari hili bila masharti ni kona za kasi ya kati, kilomita 150 hadi 200 kwa saa. Hata mwaka 2025, pale gari la 2021 lingekuwa limeachwa nyuma, hili bado lilikaa karibu zaidi. Nafuu hiyo ni ya kweli, ingawa ni ndogo kuliko iliyouzwa.

Mrithi wake

Kanuni za 2026 zinaleta gari la kilo 768, upana mita 1.9, na umbali wa juu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma ukipunguzwa kutoka mita 3.6 hadi 3.4. Mifereji mikubwa ya sakafu imeondoka. DRS imeondoka pia: mabawa ya mbele na nyuma yanajifungua kwa kila dereva kwenye mnyoofu, awe mbele au nyuma, na msaada wa kuovateki unahamia kwenye umeme. Kama zilivyotangazwa, anayeongoza anaanza kupunguziwa nguvu ya mota anapopita kilomita 290 kwa saa, ilhali aliye ndani ya sekunde moja nyuma yake anaweza kubaki na kilowati 350 kamili hadi 337. Huo ni msaada wa mnyoofu tu. Hauipozi tairi iliyochemka kwenye kona iliyotangulia.

Kwa upande wa hewa, kitu cha kukagua kwanza ni vibao vilivyowekwa nyuma ya matairi ya mbele kwa kazi ya kuvuta hewa chakavu ndani. Vikiachwa kama vilivyochorwa, kufuatana kutakuwa kwepesi. Vikianza kupata matundu, mikunjo na ncha zinazotazama nje kwenye maboresho ya katikati ya msimu, huku bawa la mbele likizidi kuvutwa nyuma kuelekea ukingo wa nje wa tairi, basi timu ziko kazini.